Mstari mmoja katika bajeti ya sekta: maneno ya kamati juu ya vijana wetu wanaougua akili

Maneno haya yalisomwa mbele ya mkutano mkuu wa chama. Tunayachapa namna yalivyosemwa. Tumeondoa tu salamu ndefu za mwanzo, na maswali ya watu tutayaweka katika karatasi ijayo.

Wazee wetu, papa na mama, vijana, wachungaji na mashehe mlioitika, muganga wa zone ya afya, na wewe bwana mjumbe wa ofisi ya sekta: karibuni. Tunawasalimu pia wafadhili wetu mtakaotusoma, mlio Bukavu, Kigoma na Bujumbura, na ninyi watoto wetu mliochukuliwa toka Nyarugusu mkapelekwa Marekani na Kanada, ambao bado mnatuma ada yenu. Jambo la leo ni lile ambalo katika mikutano mingine tulikuwa tunalisukuma mpaka mwisho, wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Safari hii tumeliweka mwanzo.

Na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Tulipounda chama hiki tuliandika katika sheria zetu kwamba kasha itasaidia mtu akifiwa, mama akizaa, na mgonjwa akilazwa. Tulikuwa tumetoka kuvuka ziwa. Misafara ya kwanza ya kurudi toka Kigoma ilifika Baraka mwezi wa 10 mwaka 2005, wengine wetu tukafuata baadaye, Lugufu ilipofungwa. Shida tulizoziona mbele ya macho zilikuwa hizo tu: maiti bila jeneza, mama bila pesa ya maternite, mtoto mwenye malaria. Ugonjwa wa akili hatukuuandika. Labda hakuna aliyeufikiria. Labda tuliufikiria tukanyamaza, kwa sababu kila jamaa hapa ina mtu wake ambaye haitajwi.

Kisha alikuja mama mmoja, mwanachama tangu siku za kwanza. Binti yake, miaka 17, alikuwa ameacha masomo. Halali, hali vizuri, na wiki nyingi alikuwa hasemi na mtu isipokuwa mdogo wake. Kwa huyo mdogo wake alisema maneno ya kutaka kufa. Mama akaomba pesa ya kumpeleka Uvira kuonana na muganga. Kamati ikakaa. Mmoja wetu akauliza: "Amelazwa wapi?" Hajalazwa popote. Basi sheria haimuoni. Mwingine akasema ni mambo ya umri, yatapita. Wa tatu akasema apelekwe kwenye maombi kwanza. Tulifanya vikao vitatu. Kabla ya kikao cha nne, binti alijiua.

Kwa jeneza, kasha ilifunguka asubuhi ile ile. Hakuna kikao, hakuna aliyeuliza sheria inasema nini.

Tumemwomba mama ruhusa ya kusema haya mbele yenu. Alitujibu: "Museme. Lakini musitaje jina yake, na musiseme alikuwa fu. Alikuwa mugonjwa." Tunasema hivyo hivyo: alikuwa mgonjwa, na sisi tulikuwa na pesa.

Baada ya hapo tulibadilisha sheria. Wengi mnakumbuka mkutano ule na makelele yake. Sasa kasha inasaidia mgonjwa wa akili hata kama hajalazwa, na mtu mmoja wa kamati anaweza kuruhusu pesa ya usafiri usiku bila kungojea wengine. Tulidhani tumemaliza kazi. Hatukuwa tumemaliza, na mtoto wa pili ndiye aliyetufundisha hivyo.

Huyu ni kijana wa miaka 19. Alizaliwa kambini, akasoma kambini, akarudi na mjomba wake. Alipofika, shamba la baba yake lilikuwa limelimwa na watu wengine kwa miaka mingi, na vijana wenzake walikuwa wanamwita "Mtanzania" kwa sababu ya namna anavyosema Kiswahili. Akaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Misisi. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Siku nne hakulala. Alisikia watu wanamwita toka ziwani, alivunja mlango, akamkimbiza jirani na panga, lakini hakumgusa mtu.

Safari hii tulikuwa na pesa, na tulikuwa na haraka. Hatukuwa na mahali pa kumpeleka. Kwenye sentri ya afya muuguzi alikuwepo, mtu mwema, aliamka saa nane za usiku, lakini dawa ya kumtuliza hakuwa nayo na hakuwahi kufundishwa kuitumia. Akasema: "Mimi nina ya malaria na ya kuhara, hii ya kichwa hatuletewi." Majirani waliogopa, wakaita polisi. Polisi wakamweka kasho pamoja na wezi wa kuku, mikono imefungwa nyuma, siku mbili. Walipomwachilia, jamaa wakamfikisha kwenye chumba cha maombi, kule akakaa na mnyororo mguuni. Hatusemi hivi ili kumtukana mtu wa Mungu. Yule mchungaji ndiye peke yake aliyefungua mlango. Lakini mnyororo ni mnyororo, na kidonda cha mguu wake bado anacho.

Mwishowe tulimfikisha Bukavu. Ni zaidi ya kilometa 200 toka hapa, na mnajua barabara: mvua ikinyesha unalala njiani, na kukiwa na vita unarudi. Bukavu kuna SOSAME, kituo cha mabruda kinachotunza wagonjwa wa akili, kama vile Goma wana Tulizo Letu na Kinshasa wana CNPP. Alitunzwa. Leo yuko hapa, anasuka nyavu na wajomba zake, anameza dawa kila jioni. Hatuonyeshi amekaa wapi, na tunaomba msigeuze shingo.

Lakini tuhesabu. Watu watatu walimsindikiza. Pikipiki, gari, chakula cha njiani, chumba cha kulala wasindikizaji, dawa za miezi mitatu za kurudi nazo. Kijana mmoja alikula karibu theluthi ya kasha yetu ya mwaka. Wakija wanne katika mwaka mmoja, chama kimekufa, na hata jeneza hatutaweza tena. Hapo ndipo tulipoanza kuuliza swali ambalo tunawaletea leo: leta iko wapi katika jambo hili? Na tunaposema leta hatusemi Kinshasa tu. Tunasema ofisi tunayoiona kila siku, inayochukua kodi ya soko na kodi ya mitumbwi.

Kuna watu watasema ni watoto wawili tu, hatuwezi kuweka bajeti kwa watoto wawili. OMS, lile shirika la afya la dunia, inasema katika nchi zilizopitiwa na vita, kwa watu 100, karibu 22 wana ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine, mwepesi au mzito. Si wote wanaovunja milango. Wengi wanalima, wanauza samaki, wanakuja hapa kwenye mkutano. Wanasema pia kwamba nusu ya magonjwa haya huanza kabla mtoto hajafika miaka 14 au karibu na hapo. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayepasuka usiku, mara nyingi alianza kuugua akiwa bado darasani, na kulikuwa na miaka ya kumuwahi. Sisi tunafika siku ya panga.

Sasa juu ya pesa. Tunajua maneno haya ya sheria yanachosha, lakini vumilieni kidogo, maana tusipoyajua tutaombaomba kitu ambacho ni haki yetu.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inasema mapato ya taifa yagawanywe, 40 kwa 100 ziwe za mikoa, na zikatwe pale pale zinapopatikana. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008, ile ya entite za chini, inaongeza: katika sehemu ya mkoa, 40 kwa 100 ziende kwa miji, komine, sekta na sheferi. Fanyeni hesabu: kwa franga 100, mkoa upate 40, na katika hizo 40, entite za chini zipate 16. Kwenye karatasi, hiyo. Kwa kweli pesa hazikatwi pale zinapopatikana. Zinapanda Kinshasa zote, kisha sehemu yake inarudi kwa njia ya retrosesio, inachelewa, inafika nusu, au haifiki. Bwana mjumbe wa sekta yuko hapa, atatusahihisha kama tunasema uongo. Anatikisa kichwa kwamba si uongo.

Jambo lingine ambalo wengi wetu hatulijui: teritwari ya Fizi yenyewe si entite yenye bajeti yake ya kujitegemea. Msimamizi wa teritwari anawakilisha leta ya juu. Wenye kasha yao na bajeti yao kisheria ni sekta, yaani Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, na mji. Mara ngapi tumepeleka barua kwa mlango usio wake, kisha tukalalamika kwamba hatujibiwi? Na huduma za afya ya msingi, katiba kifungu cha 204 inaziweka katika kazi za mkoa. Kwa hiyo milango ni miwili: mkoa kwa wauguzi na mafunzo yao, sekta na mji kwa yale ya karibu, kama dawa za dharura, mafuta ya pikipiki, chumba. Ofisi ya zone ya afya iko katikati, na bila muganga mkuu wa zone hakuna litakalotembea.

Kuna pia pesa ya madini. Kodi ya mgodi iliyo katika sheria ya mwaka 2018 inagawanywa hivi: 50 kwa 100 serikali ya juu, 25 mkoa, 15 entite ambayo mgodi uko ndani yake, na 10 mfuko wa madini wa siku za mbele. Lakini msifurahi haraka. Dhahabu ya Misisi na Lubichako inachimbwa kwa mkono, na sehemu kubwa inatoka mfukoni mwa mtu bila kuandikwa popote. Vijana wetu wanashuka kwenye shimo, wanapanda na lutuku na vidonge vya tramadoli, wanaturudia wakiwa wameharibika, na kodi ambayo ingewatunza imeshavuka mpaka. Hilo lituumize, lakini tusijenge ombi letu juu yake.

Tunajenga ombi letu juu ya pesa ndogo inayoonekana: kodi ya soko, kodi ya mitumbwi, vibali. Hapo mjumbe wa sekta ametuambia mara nyingi, na kwa heshima: "Wazee, nina daraja limevunjika, nina wafanyakazi hawajalipwa, mnataka niweke pesa kwa wenda wazimu?" Tunamwelewa. Daraja tunalipita sisi wenyewe. Ila tumemjibu hivi, na tunarudia mbele ya watu wote. Kwanza, anapowalipa polisi chakula cha kumlinda mgonjwa kasho siku mbili, anatumia pesa tayari, ila anaitumia vibaya. Pili, hatuombi hospitali. Tumekaa na muuguzi mmoja wa zone jioni nzima, tukaandika kitu ambacho kingemsaidia yule kijana usiku ule.

Dawa, kwanza. Ile ya kumtuliza mgonjwa aliyechafuka, haloperidoli, iko katika orodha ya dawa za lazima za OMS, na si dawa ya bei kali. Vilevile fenobabitali ya kifafa. Tunaongeza kifafa kwa makusudi, maana hapa kwetu mtoto wa kifafa anatupwa katika kundi lile lile la "wenye pepo", anaungua motoni jikoni au anazama ziwani, na kidonge chake ni cha bei ndogo kabisa. Tunaomba kila sentri ya afya kubwa iwe na akiba ndogo isiyokatika. Isiyokatika ndiyo neno. Mgonjwa aliyeanza dawa akazikosa mwezi mmoja anaweza kurudi hali mbaya kuliko mwanzo, na hapo jamaa wanasema: mnaona, dawa za wazungu haziponyi.

Kisha mtu mmoja aliyefundishwa. OMS ina mwongozo unaoitwa mhGAP, tangu mwaka 2010, uliotengenezwa kwa ajili ya wauguzi na waganga ambao si wa magonjwa ya akili, wajue kupima, kuanza dawa, kuongea na jamaa, na kujua ni nani lazima apelekwe mbele. Hauhitaji miaka ya chuo. Programu ya taifa ya afya ya akili ipo pale Kinshasa, na mkoa unaweza kuomba mafunzo hayo. Muuguzi mmoja kwa kila sentri, na yule ajulikane kwa jina na kwa namba ya simu. Lakini akihamishwa, mwingine afundishwe. Tumeona mara nyingi muuguzi mwenye ujuzi anapelekwa kilometa 100 na ujuzi wake pamoja naye.

Halafu chumba. Chumba kimoja hospitalini, chenye dirisha, chenye mkeka wa mama wa kulala karibu na mtoto wake, ili polisi wawe na mahali pengine pa kumpeleka mgonjwa kuliko kasho. Tunajua programu ya teritwari 145 inajenga masentri ya afya na mashule na ofisi. Vizuri. Tunaomba tu kwamba ramani ikifunguliwa, mtu aulize: chumba cha huyu kiko wapi? Ukuta ukishajengwa ni vigumu kuuliza.

Na mafuta ya pikipiki kwa usiku, yawekwe mahali, kwa saini ya muuguzi mkuu wa sentri. Hilo ni dogo sana hata tunaona haya kulitaja, lakini usiku ule tulitafuta mafuta saa nzima.

Hayo yote tumeyaita mstari mmoja katika bajeti. Mstari wenye jina: matunzo ya dharura ya akili kwa vijana. Kwa nini jina? Kwa sababu kikiandikwa "afya" tu, kitaliwa na mengine. Na kwa nini vijana, wakati wazee pia wanaugua? Mzee Fulani ametuuliza hivyo, na alikuwa na haki. Tumesema vijana kwa sababu wao ndio wanaoishia kasho, na kwa sababu mtoto akitunzwa mapema anaweza kusoma na kuoa na kusahau. Dawa ikiwa kwenye sentri, mzee hatafukuzwa.

Sasa tuseme ukweli ambao hauko katika barua. Mstari wa bajeti si pesa. Tumeona bajeti nzuri sana, zimepigwa kwa mashini na muhuri, ambazo hakuna hata franga moja iliyotoka. Na kwenye sekta hakuna baraza la watu waliochaguliwa la kuuliza maswali. Sheria inasema liwepo, lakini uchaguzi wa mabaraza ya sekta haujawahi kufanyika tangu katiba hii. Mwezi wa 12 mwaka 2023 walichagua washauri wa komine katika miji mikuu ya mikoa tu, huku kwetu hapana. Kwa hiyo anayeandika bajeti na anayeitumia ni ofisi ile ile. Nani atauliza? Ni sisi, au hakuna.

Haiko jambo geni katika mkoa huu. Kivu ya Kusini ilijulikana hata nje kwa bajeti shirikishi: pale Ibanda, Bagira, Luhwindja na kwingine watu walikaa na wakubwa wao, wakachagua kazi ya mwaka, na watu wakapata ujumbe kwa simu kujua pesa zimefika wapi. Haikuwa kamilifu. Sehemu nyingine ilikufa mradi ulipoondoka. Lakini waliofanya wale walikuwa watu kama sisi, hakuna aliyekuwa na diploma ya kuuliza "pesa iko wapi".

Kwa wafadhili wetu tuna neno moja, na tunaomba mlipokee kwa upendo uliotumika kulisema. Mnatuandikia: tuleteeni mradi wa afya ya akili, miezi sita, tuta-fainansi. Tunawashukuru. Tumeshaona miradi hiyo, wengine wetu tuliifanyia kazi. Wanakuja na gari, wanafundisha wareko siku tatu, wanagawa fulana, wanaorodhesha wagonjwa. Mama anajitokeza na mtoto wake aliyemficha miaka mitano, anapata dawa, mtoto anaanza kucheka. Mwezi wa saba gari halirudi. Afadhali asingejitokeza, kwa sababu sasa majirani wamemjua na dawa hakuna. Kwa hiyo tunawaomba kinyume: msitulipie kila kitu. Sekta ikitoa kweli kiasi fulani, kikaonekana kwenye karatasi ya muhasibu na kwenye rafu ya sentri, ninyi ongezeni kiasi kile kile juu yake. Isipotoa, msitoe, na mtuulize sisi kwa nini tulishindwa. Sisi kama chama tutaweka sehemu yetu ya tatu, ndogo, kwa usafiri tu.

Ninyi mlioko Marekani mnajua zaidi yetu. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2022 mna namba tatu tu, 988, mtu akitaka kufa anapiga na anajibiwa. Hiyo namba hailipwi na sadaka peke yake. Serikali ya juu, majimbo na serikali za chini zinaingiza mkono. Mtoto wa dada yako pale anapiga 988. Mtoto wa dada yako hapa anaitiwa polisi. Damu ni moja.

Wengine wametuuliza juu ya FONAREV, ule mfuko wa kuwafidia wahanga uliotokana na sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2022, unaopata 11 kwa 100 ya kodi ya madini. Ndiyo, kati ya vijana wetu wako wenye haki pale, hasa waliofanyiwa ubaya vitani, na sheria ile inataja kutunza akili pia. Tutawasaidia kuandika madosie. Lakini dosie ni ya miaka, na usiku wa panga ni wa leo.

Kabla hatujafika kwenye barua, neno dogo la nyumbani, maana pesa hata ikija itakuta watu namna walivyo. Kijana akianza kukaa pembeni, asilale siku nyingi, aache kuoga, aseme na watu wasioonekana, au aseme amechoka kuishi: usingoje. Muulize wazi kama anafikiria kufa. Waganga wanatuambia kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani; kunamfungulia mlango wa kusema. Ondoa panga, kamba na dawa za shamba karibu yake. Mtu mmoja akae naye, usiku pia, zamu kwa zamu. Usimpige. Usimfunge. Wachungaji na mashehe, ombeni, tunaomba muombe, lakini ombeni pamoja na kidonge chake, na mnyororo muurudishe kwa mwenye ng'ombe. Mchungaji wa chumba kile tulichokitaja ameshakubali: mgonjwa akifika kwake sasa anampigia simu muuguzi kabla ya kuanza maombi. Yuko pale, shati ya bluu.

Na mwalimu akikuambia mtoto wako amebadilika, usimjibu kwamba anamchukia. Mama wa yule binti anasema mwalimu alimwambia miezi miwili kabla, na yeye alikasirika.

Basi barua. Ni mbili: moja kwa sekta, nyingine kwa meya wa mji, na kopi kwa waziri wa afya wa mkoa, kwa wabunge wetu wa mkoa na kwa ofisi ya zone. Tumeziandika kwa Kifaransa, kwa sababu ofisi inapenda hivyo, na kwa Kiswahili, ili kila anayesaini ajue anasaini nini. Tunaomba watupe siku ya kukaa pamoja nao wakati bajeti ya mwaka ujao inaandikwa, siyo baada ya muhuri. Watakaokwenda ni watano: mama wa binti amekubali kwenda, mjomba wa kijana, muuguzi, kijana mmoja wa kutoka kwenye CODESA na katibu. Tumekataa mwenyekiti asiende, kwa sababu wakimwona mwenyekiti watampa kiti na soda na mambo yataishia pale.

Katika kila mkutano wa miezi mitatu, katibu atasoma mbele yenu mambo mawili: sekta imetoa kiasi gani, na rafu ya sentri ina dawa ngapi. Kama jibu ni sifuri, atasoma sifuri, na wafadhili watalisoma vilevile katika karatasi hii.

Karatasi za kusaini ziko kwenye meza karibu na mlango. Wasiojua kuandika waweke kidole, wino upo. Mjumbe wa sekta ameomba aondoke na kopi yake leo hii, kabla jua halijazama, kwa hiyo tuanze na mstari wa mama.